Mashine ya Figo Nyumbani: Kupunguza Mwendo Si Kukata Tamaa

(Haya ni maelezo ya juma yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, majuma mawili yaliyopita nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa kijana mmoja wa Kitanzania anayeishi Toronto, nchini Kanada. Baada ya shikamoo na salamu nyingine, alinieleza habari za mama yake mzazi, mwenyeji wa Tanga, ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi. Mama huyo haendi hospitali kusafishwa damu. Anasafishwa nyumbani, chumbani mwake, na anayeendesha mashine ni huyo huyo mwanawe, baada ya wote wawili kufunzwa na wauguzi kwa majuma kadhaa.

Kijana anasema kwamba kwa miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Leo mashine, kesho mapumziko, kesho kutwa mashine tena. Mama aliunganishwa jioni kwa saa 4, na pampu ilisukuma damu yake mililita 350 kila dakika. Katika daftari lao hospitali iliandika kuwa uzito wa mama, bila maji ya ziada mwilini, ni kilo 62, na kwamba kila mara mashine ivute maji mpaka afikie uzito huo.

Jioni moja mama alipanda mizani, ikasoma kilo 65 na nusu. Kijana akatoa 62, akabakiwa na 3 na nusu, akaiamuru mashine itoe lita 3 na nusu kwa saa zile zile 4. Mwenyewe anakiri kuwa alikuwa na zamu ya alfajiri kazini, na hakutaka kuongeza muda. Ilipofika saa ya tatu, misuli ya miguu ya mama ilikaza, akalia kwa maumivu, kisha akazirai.

Kijana alifanya alivyofundishwa. Alisimamisha uvutaji wa maji, akamlaza mama chali, akamwinua miguu, akamrudishia maji ya chumvi kwa mpira wa mashine, akampigia simu muuguzi wa zamu. Mama alizinduka. Lakini yaliyofuata ndiyo yaliyomfanya kijana aniandikie. Hospitali iliwaita, ikampima mama, ikabadili karibu kila kitu. Uzito ulioandikwa ukapandishwa kutoka kilo 62 hadi 63 na nusu. Badala ya saa 4 jioni, ikawa saa 8 usiku akiwa amelala, usiku 5 kwa juma. Na mwendo wa pampu ukashushwa kutoka 350 hadi 225.

Kijana anauliza hivi: wamepandisha uzito, maana yake maji zaidi yabaki mwilini. Wamepunguza mwendo, maana yake damu kidogo ipite. Je, hawajamkatia tamaa mama yangu? Au tangu mwanzo walikuwa wanabahatisha?

Ndugu msikilizaji, jibu fupi ni la hasha. Lakini jibu fupi halimtoshi mtoto aliyemwona mama yake akizirai mikononi mwake. Basi na tulieleze polepole.

Figo mbili zenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku, na karibu zote huzirudisha mwilini. Kinachotoka kama mkojo ni lita 1 hadi 2 tu. Kazi hiyo haina Jumapili wala sikukuu. Ni saa 168 kwa juma. Sasa mtazame mgonjwa wa kawaida anayesafishwa damu hospitalini mara 3 kwa juma, saa 4 kila mara. Jumla yake ni saa 12. Kazi ya saa 168 inabanwa katika saa 12. Hiyo ndiyo asili ya matatizo mengi ya wagonjwa hawa, na ndiyo sababu kipimo cha matibabu yao si jambo la kuchukuliwa kwa wepesi.

Mashine yenyewe hufanya kazi hivi. Damu hutoka kwa sindano iliyochomwa mkononi, katika mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uwe mpana na wenye nguvu. Huingia katika kichujio chenye maelfu ya mirija myembamba kama unywele. Nje ya mirija hiyo hupita maji ya dawa, yakienda upande ulio kinyume na damu. Takataka hutoka katika damu na kuingia katika maji hayo, nayo damu iliyosafishwa hurudi mwilini kwa sindano ya pili.

Sasa anayempangia mgonjwa matibabu hana budi kujibu maswali kadhaa. Asafishwe saa ngapi, na mara ngapi kwa juma? Pampu iende kwa kasi gani? Maji ya dawa yawe lita ngapi? Maji kiasi gani yatolewe mwilini? Ndani ya maji ya dawa kuwe na potasiamu na kalsiamu kiasi gani, maana potasiamu ikibaki nyingi moyo unaweza kusimama, na ikiondolewa upesi mno mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika? Na dawa ya kuzuia damu isigande mashineni iwe kiasi gani? Majibu ya maswali hayo hayakuandikwa kwenye kasha la mashine. Yako mwilini mwa mgonjwa, na kila mgonjwa ana yake. Fundi cherehani hashoni suti kwa kusikia jina la mteja. Humpima, humkatia, humvalisha, akaona kwapa linabana, akafumua, akashona upya. Hatusemi kuwa fundi huyo anabahatisha.

Tuanze na uzito, kwa kuwa ndio uliomwangusha mama yetu. Wataalamu huuita uzito mkavu, yaani uzito wa mtu baada ya maji yote ya ziada kuondolewa. Mgonjwa ambaye figo zake hazitoi mkojo, kila anachokunywa hubaki ndani mpaka mashine ikitoe. Kwa hiyo huongezeka uzito kati ya siku moja ya mashine na nyingine. Hapo hakuna fumbo. Fumbo ni kwamba mizani haina macho. Haiwezi kutenganisha kilo ya maji na kilo ya nyama. Uzito mkavu hutafutwa kwa kujaribu: hushushwa kidogo kidogo huku watu wakitazama shinikizo la damu, uvimbe wa miguu, pumzi ya mgonjwa anapolala, na kama misuli inakaza mwishoni mwa matibabu.

Na ukishapatikana haukai. Mama yule aliporudi kutibiwa nyumbani alipata nafuu, hamu ya chakula ikarejea, akala, akanawiri. Akaongeza nyama karibu kilo moja na nusu. Daftari halikujua. Liliendelea kusema kilo 62. Jioni ile mwilini mwake kulikuwa na maji ya ziada lita 2 tu, lakini mashine iliamriwa itoe 3 na nusu. Hiyo moja na nusu iliyozidi ingetoka wapi? Ilitoka katika maji ambayo mwili uliyahitaji. Damu ikapungua mishipani, shinikizo likaanguka, ubongo ukakosa damu ya kutosha, mama akazirai.

Kinyume chake nacho kipo, tena huja kimyakimya. Mgonjwa akipata homa au msiba, akakosa kula, hupoteza nyama. Daftari likiendelea kusema uzito ule ule wa zamani, nafasi ya nyama iliyopotea hujazwa na maji, na mizani husoma kuwa kila kitu ni sawa. Maji hayo mwisho huelemea moyo na kuingia mapafuni. Kwa hiyo kuupandisha uzito wa mama hakukuwa kumwachia maji. Kulikuwa ni kukiri kwamba amenenepa, na hiyo ni habari njema.

Kulikuwa na kosa la pili juu ya lile la kwanza, nalo ni haraka. Lita 3 na nusu kwa saa 4 ni mililita 875 kila saa. Gawanya kwa kilo 62 za mama, unapata mililita 14 kwa kila kilo kwa saa. Wataalamu wengi huonya kuwa kupita mililita 13 kunaandamana na madhara kwa moyo. Hata kama uzito ungekuwa sahihi, mwendo ule ulikuwa mkali mno. Sasa tazama mpango mpya. Lita 2 kwa saa 8 ni mililita 250 kila saa, ambazo hazifiki hata mililita 4 kwa kila kilo. Mwili unapata nafasi ya kuyaleta maji kutoka misulini hadi kwenye damu taratibu, na mgonjwa hahisi kitu. Analala.

Hapa tunafika kwenye swali la pampu. Je, kutoka 350 hadi 225 si kupunguza tiba? Fikiria kisima cha kijijini wakati wa kiangazi. Ukiteka kwa pupa, ndoo kumi za haraka haraka, kisima kinakauka na kamba yako inarudi na tope. Lakini maji yamo, yako chini ya ardhi, yanachuruzika taratibu. Anayeteka ndoo moja, akasubiri, akateka nyingine, jioni atakuwa amepata maji mengi kuliko yule mwenye pupa. Damu ndiyo kisima, na nyama na mifupa ndiyo ardhi. Takataka ndogo kama yurea huchuruzika upesi. Lakini fosfeti, ambayo ikizidi huharibu mifupa na mishipa, imejificha mbali na hutoka kwa uvivu. Huwezi kuikimbiza. Lazima uisubiri.

Hesabu nayo inasema hivyo hivyo. Mwaka 1985 Wamarekani Frank Gotch na John Sargent walichapisha uchambuzi uliokipa nguvu kipimo ambacho mpaka leo hutumika duniani kote. Unachukua kiasi cha damu kinachosafishwa kwa dakika, unazidisha kwa dakika za matibabu, unagawanya kwa maji yote yaliyomo mwilini. Kwa anayesafishwa mara 3 kwa juma, jibu halitakiwi kuwa chini ya 1.2 kila mara. Tuseme mwili wa mama una lita 30 za maji. Katika mpango wa zamani, tuseme kichujio kilisafisha mililita 200 kwa dakika. Kwa dakika 240 ni lita 48, ukigawanya kwa 30 ni 1.6. Katika mpango mpya, kwa mwendo mdogo, tuseme kinasafisha 160 tu. Lakini dakika ni 480. Hizo ni karibu lita 77, na jibu ni 2.5 na zaidi kidogo. Mwendo umepungua, kazi imeongezeka. Na hiyo ni usiku mmoja, nao wanafanya usiku 5. Saa zao kwa juma zimetoka wastani wa 14 zikawa 40.

Hata hivyo tusiifanye namba hiyo kuwa mungu. Inapima yurea peke yake. Mgonjwa anaweza kuwa na namba nzuri kwenye karatasi, na bado hawezi kupanda ngazi wala kula chakula chake.

Jambo la kuwaza ni kwamba tiba hii ya usiku haikutoka mbali na anapoishi kijana wetu. Huko huko Toronto, mwaka 1994, madaktari Robert Uldall na Andreas Pierratos walianza kuwasafisha wagonjwa damu majumbani usiku wakiwa wamelala. Waliona fosfeti inatoka kwa wingi kiasi kwamba wagonjwa waliokuwa wakimeza vidonge vya kuizuia kila mlo waliviacha, na wengine ilibidi waongezewe fosfeti ndani ya maji ya dawa ili isipungue mno. Kabla yao, mjini Tassin nchini Ufaransa, kituo kimoja kilijulikana kwa miaka mingi kwa kuwasafisha wagonjwa saa 8, mara 3 kwa juma, na wengi wao shinikizo la damu lilitulia bila vidonge.

Na asili ya matibabu ya nyumbani ni ya zamani zaidi, tena ina uchungu ndani yake. Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, Dakta Belding Scribner alibuni mrija wa kuacha mkononi mwa mgonjwa ili aweze kuunganishwa na mashine mara kwa mara. Mashine zilikuwa chache, ikaundwa kamati ya kuamua nani atibiwe na nani aachwe. Kamati hiyo haikuwapokea watoto. Msichana mmoja wa shule akakataliwa. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Washington, wakiongozwa na Albert Babb, wakakazana usiku na mchana kuunda mashine ndogo, na mwaka 1964 msichana huyo akaanza kutibiwa nyumbani kwao. Mashine ya nyumbani ilizaliwa kwa sababu kuna watu waliokataa kumkatia tamaa mtoto.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Zaidi si bora daima. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliofuata wagonjwa 245. Waliosafishwa mara 6 kwa juma moyo wao ulipata nafuu kuliko waliosafishwa mara 3, lakini mishipa yao ya mkononi ilihitaji kutengenezwa mara nyingi zaidi. Utafiti wa pili, wa tiba ya usiku, ulikuwa na wagonjwa 87 tu na haukutoa jibu la kukata shauri. Ulionyesha pia kuwa wale ambao figo zao zilikuwa bado zinatoa mkojo kidogo, mkojo huo ulikauka upesi zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anayepata bado haja ndogo ana haki ya kuuliza mpango mpya utaigusa vipi. Na usiku una hatari zake: sindano ikichomoka mtu akiwa usingizini, damu humwagika. Ndiyo maana huwekwa kidude cha kupiga kelele kikigusa unyevu, na mipira hufungwa barabara kwa plasta. Tena hakuna anayeruhusiwa kugeuza vipimo kwa sababu ana zamu ya alfajiri. Simu ya muuguzi ipo kwa ajili hiyo.

Ndugu msikilizaji, utauliza: haya ya Toronto yananihusu nini mimi wa Temeke au Morogoro? Ni kweli, mashine ya nyumbani inataka vitu ambavyo wengi wetu hatuna kwa uhakika. Mashine ya kawaida ya hospitali hupitisha mililita 500 za maji ya dawa kila dakika. Kwa saa 4 ni lita 120, mbali na yale yanayomwagwa wakati wa kuyasafisha. Inataka umeme usiokatika. Kwa hiyo wagonjwa wetu husafishwa hospitalini, na wengi, kwa sababu ya gharama, hupata mara 2 tu kwa juma.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo somo hili linatuhusu zaidi, si pungufu. Mwenye saa 40 kwa juma anaweza kupoteza nusu saa asiumie. Mwenye saa 8 hawezi. Nimewaona watu wakimwomba muuguzi awatoe nusu saa kabla ya muda, kwa kuwa daladala zitajaa, au wamechoka tu, nami siwalaumu, maana kiti kile si cha starehe. Ila hebu tufanye hesabu. Nusu saa mara 2 kwa juma, kwa majuma 52, ni saa 52. Hizo ni matibabu 13 ya saa 4. Kwa anayesafishwa mara 2 kwa juma, ni sawa na kukaa majuma 6 na nusu bila mashine. Hakuna ambaye angekubali kukaa hivyo kwa mkupuo. Lakini kwa nusu nusu tunakubali, na hatuoni.

Basi kama una mgonjwa nyumbani, muulizeni daktari maswali haya. Uzito wake mkavu ni kilo ngapi, na ulitazamwa upya lini? Maji yanatolewa kwa kasi gani kwa saa? Akipata misuli kukaza au kizunguzungu kila mara, je, tatizo ni uzito, ni haraka, au ni chumvi nyingi inayomtia kiu? Andikeni katika daftari uzito kabla na baada, shinikizo la damu, na mgonjwa alijisikiaje. Kuuliza si utovu wa heshima kwa daktari. Kunamsaidia.

Nilipomjibu kijana wetu, nami nilimuuliza swali moja. Je, kabla ya jioni ile mama mwenyewe hakusema neno? Alikaa siku mbili kabla ya kunijibu. Akasema, alisema. Kama juma moja kabla, mama alilalamika kuwa gauni lake linambana mabegani na mikononi, ilhali viatu vinaingia kama kawaida. Kijana alicheka tu, akamwambia ni maji, mashine itayatoa.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maji hushuka miguuni. Yangekuwa maji, viatu ndivyo vingebana. Mama alikuwa amekwisha kuusema uzito wake mpya, bila mizani, na hakuna aliyeuandika.

Siku hizi, anasema kijana, kila usiku kabla ya kuwasha mashine humuuliza mama kwanza, ndipo husoma mizani. Na mama, ambaye zamani baada ya mashine alikuwa hajiwezi mpaka kesho yake, asubuhi huamka akachemsha chai ya wote wawili.

Ndugu msikilizaji, mpaka juma lijalo, nakutakia afya njema.